Jiko la Mzee Fidelis

Mzee Fidelis alikuwa na siku ya tano nyumbani kwa binti yake Makambako, na begi lake lilikuwa bado halijafunguliwa sawasawa. Kila asubuhi alitoa shati la siku hiyo, akafunga zipu mpaka mwisho, akaliweka begi karibu na mlango kama abiria anayesikilizia gari stendi. Beatha alikuwa amemwachia kabati zima, na ndani ya kabati hilo zilining'inia henga tupu kumi na mbili. Majirani wakimuuliza, "Mzee, umehamia kwetu?" alijibu kwa upole, "Hapana, nipo safarini tu."

Jibu hilo lilimuuma Beatha kila alipolisikia. Hakuwa amemleta baba yake kutembea. Mwezi wa tano mzee alianguka nyumbani kwake kijijini, nje kidogo ya Njombe mjini, katikati ya jiko na choo, akalala pale chini kwenye baridi tangu saa mbili asubuhi mpaka jirani alipopita saa tisa alasiri kuazima jembe. Mkewe, Mama Tereza, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na Beatha ndiye mtoto pekee. Tangu siku hiyo simu ya baba ikichelewa kupokelewa, aliwapigia majirani mmoja mmoja. Alibembeleza miezi miwili, na mwishowe mzee akakubali kuja kwa sharti moja, kwamba Jiko nalo lije.

Jiko lenyewe halikuwa jiko. Lilikuwa amplifaya ya redio, sanduku la chuma ambalo wanaume wawili hulinyanyua kwa kuhesabiana moja, mbili, tatu. Mzee alilitengeneza kwa mikono yake miaka ishirini na sita iliyopita, alipokuwa fundi wa redio wa misheni. Redio ndogo pembeni ilipokea sauti yake, sanduku likaikuza mpaka ikavuka bahari. Ndani kulikuwa na valvu mbili, taa za kioo nene kama chupa za soda, ambazo zikiwaka chumba kizima hupata joto. Mama Tereza ndiye aliyelibatiza Jiko. Baridi ya Njombe ya mwezi wa sita na wa saba unaijua au umeisikia, na mama yule hakuona sababu ya joto kupotea bure. Alianika soksi juu ya sanduku, na siku za sikukuu aliweka hapo bakuli la unga wa maandazi ili uumuke, mumewe akiwa anaongea na dunia.

Dunia yenyewe ilikuwa mtu mmoja. Kasimiri, waliyesoma naye shule ya msingi na kukaa dawati moja, alikwenda kuwa fundi wa redio melini, meli zikamzungusha miaka mingi, mwishowe zikamwacha Santos, Brazili, ambako alioa na kuzeekea. Katika mji ule wote hakuna mtu mwingine wa kusema naye Kibena, lugha ya kwao. Kila Jumamosi saa kumi na moja jioni, wakati kwa Kasimiri ni asubuhi, walikutana hewani na kusemezana mpaka mawimbi yawachoke. Kasimiri anaishi ghorofani, pembeni ya kiwanda ambacho mashine zake hujaza mvumo redioni mchana kutwa, kwa hiyo redio ndogo peke yake haimfikii. Bila Jiko, hasikii kitu.

"Baba, si umpigie kwa WhatsApp," Beatha aliwahi kusema. "Mtaonana hata sura."

"Tulijaribu mara mbili. Tulimaliza salamu tukabaki kutazamana. Kwenye simu hakuna kazi, mwanangu. Redioni kuna kazi. Unanipataje, hewa imekaaje, nigeuze antena wapi. Maneno mengine yanakuja yenyewe katikati ya kazi."

Walikuwa na makubaliano, hao wazee wawili, na waliyafanya wakicheka. Mmoja akikosekana Jumamosi mbili mfululizo, mwenzake aende parokiani akaandikishe misa ya marehemu.

Ijumaa ya kwanza mkwe wake, Agustino, alisimamisha nguzo mbili za mkaratusi nyuma ya nyumba, akatandaza waya wa antena kati yake, kisha akaondoka na lori kuelekea Songea. Jumamosi saa kumi na nusu mzee aliwasha Jiko ili lipate moto. Kukatokea mlio mkavu, harufu kali ikajaa chumbani, na Jiko likanyamaza. Mzee alikaa mbele yake mpaka saa kumi na mbili. Kesho yake, baada ya misa, akatoa uamuzi wake.

"Kule Njombe lilikuwa linawaka, huku haliwaki. Silvanus wa kule kijijini analeta viazi hapa sokoni kila Jumapili, nimeshaongea naye. Jumapili ijayo ananirudisha."

"Na nikilitengeneza?"

Mzee alimtazama kwa yale macho yaliyoanza kuingia ukungu. "Ukilitengeneza tutaongea."

Ndiyo maana Jumatatu Beatha alisogeza pembeni mota mbili za mashine za kusaga alizokuwa anazisuka upya, akafuta meza ya karakana yake ya barazani, na Jiko likapandishwa hapo. Mzee akaletewa kigoda. Mikono yake ilikuwa inatetemeka siku hizi, hata skrubu ilimshinda, lakini mdomo wake ulikuwa mzima kabisa.

"Mkono," alisema, kabla binti hajagusa hata kifuniko.

"Upo mfukoni, Baba."

Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza aliyomfundisha, Beatha akiwa na miaka kumi na mmoja. Mle ndani kuna volti elfu mbili na mia nne. Ukigusa kwa mikono miwili umeme unapita kifuani, na hapo hakuna cha hospitali. Kwa hiyo mkono wa kushoto unakaa mfukoni, unafanya kazi mkono mmoja tu. Sketi yake ya shule haikuwa na mfuko. Mama Tereza aliposikia habari hiyo hakugomba, alikaa kwenye cherehani akashona mfuko upande wa kushoto wa kila nguo ya mtoto, mpaka gauni jeupe la komunyo ya kwanza, na padre akashangaa kumwona binti akija altareni mkono mmoja mfukoni.

"Fimbo."

Fimbo ilikuwa kipande cha mlanzi mkavu, ule mwanzi wa Njombe, chenye ndoano ya shaba mbele na waya mrefu ulioshuka ardhini. Beatha aliigusisha ndoano huku na huku ndani ya sanduku, kumaliza umeme wowote uliobaki umejificha, kisha akarudia tena kwa kuwa mzee alikuwa anahesabu. Baada ya hapo ndipo wakaanza kazi.

Fyuzi ilikuwa imekufa, hilo halikuhitaji fundi. Akaweka nyingine, nayo ikafa hapo hapo. Kulikuwa na kitu ndani kinachofyonza umeme wote, na hofu ya Beatha ilikuwa transfoma, ule moyo mzito wa sanduku ambao baba yake aliusuka mwenyewe, mzunguko kwa mzunguko, majira mazima ya mvua. Kuisuka upya kungekula wiki mbili, na yeye alikuwa na siku tano. Akakata nyaya zinazotoka kwenye transfoma, akaiacha peke yake, akaweka fyuzi ya tatu na kuwasha. Transfoma ikaunguruma taratibu na fyuzi ikabaki hai.

"Nzima," alisema, na alijikuta anataka kulia kwa furaha.

"Mimi ndiye niliyeisuka," mzee alisema, kana kwamba lilikuwa swali la kijinga.

Akaendelea mbele, hatua kwa hatua, kama alivyofundishwa. Dayodi moja, kijidude kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu, ilikuwa imeungua, akaibadilisha. Baada ya dayodi zilifuata kapasita sita zilizopangwa mstari mmoja, vile vikopo vinavyotunza umeme kama mtungi unavyotunza maji, kila kimoja kikibeba sehemu yake ya mzigo. Cha nne kilikuwa kimevimba kichwa. Jumanne nzima aliizunguka Makambako, huku upepo wa mji ule ukimjaza vumbi machoni, mpaka kwa mafundi wa kuchomelea alipopata mashine iliyokufa yenye kapasita za aina ile ile. Jumatano akalehemu, mzee akiegemea mbele na kuuliza kila dakika kama risasi ya kulehemu imeng'aa.

Alhamisi wakajaribu. Beatha alifunga taa ya kawaida ya wati mia njiani, kati ya soketi na Jiko, ili hitilafu ikiwepo taa ibebe mzigo na Jiko lipone. Akawasha. Taa ikawaka kwa nguvu, kisha ikafifia.

"Taa inasemaje?"

"Imefifia, Baba."

"Basi ni zima. Ondoa taa, lipe umeme wote."

Akaondoa taa, akalipa umeme wote. Ilipita muda wa kusema Salamu Maria moja, kisha kukapasuka kitu kwa kishindo, ile harufu ikarudi, na fyuzi ikafa. Safari hii ilikuwa kapasita ya pili kwenye mstari.

Mzee Fidelis aliinuka kwenye kigoda pole pole, akaingia ndani. Beatha alisikia zipu ya begi ikifunguliwa, kisha ikifungwa. Hasira ikampanda, hasira ya mtu aliyeogopa miezi mingi. Akamfuata mpaka mlangoni mwa chumba.

"Huko unakorudi kuna nini, Baba? Mama hayupo."

Mara tu maneno yalipomtoka alitamani ayameze. Mzee alikuwa amekaa kitandani, mkono juu ya begi.

"Najua hayupo," alisema. "Nakaa pale alipokuwa."

Beatha alirudi karakana akakaa kwenye kigoda cha baba yake, akalia kidogo, akafuta uso kwa kitambaa chenye grisi. Hakujua tatizo liko wapi. Kila kitu alichokipima kilikuwa sawa, na kila kilichokuwa sawa kilipasuka.

Ijumaa asubuhi walikutana jikoni kwa ajili ya chai. Birika la umeme lilikuwa la Mama Tereza, lilikuja na mzigo kutoka Njombe, maana mzee hakunywa chai ya birika jingine. Beatha alilichomeka, akageuka kuchukua vikombe.

"Nilitaka kukuambia tangu juzi," mzee alisema. "Hili birika limeharibika."

"Limefanya nini?"

"Linachemka haraka mno. La mama yako lilikuwa linakwenda taratibu. Alikuwa analichomeka anaanza rozari, akimaliza matendo yote matano ndipo linachemka. Sasa hili hata Baba Yetu huwezi kumaliza."

Beatha alicheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Halafu kicheko kikamkatika. Aliyakumbuka maisha ya nyumba ile. Taa ya sebuleni yenye rangi ya chungwa. Televisheni iliyojizima kila mashine za kusaga zilipoanza kazi. Kijiji chao kilikuwa mwisho kabisa wa laini, na umeme ulifika pale ukiwa umechoka. Birika halikuwa limeharibika. Lilikuwa linakunywa umeme mzima kwa mara ya kwanza.

Akachukua mita yake akapima soketi ya jikoni. Volti mia mbili arobaini na tatu.

"Baba, ile transfoma. Waya wa kuingilia uliufunga kwenye ngapi?"

"Mia mbili thelathini. Sijaugusa tangu nilipoisuka."

Alitoka mbio mpaka karakana, na mzee akamfuata kwa mwendo wake. Alichomoa waya wa ukutani, akapitisha fimbo mara mbili, akafungua bati la nyuma ambalo hakuwa amelifungua wiki nzima, kwa kuwa transfoma ilikuwa nzima. Nyuma kulikuwa na skrubu tano mstari mmoja, na chini ya kila moja namba kwa mwandiko wa baba yake, kuanzia mia mbili hadi mia mbili arobaini. Fundi huchagua moja kulingana na umeme wa mahali alipo. Waya ulikuwa kwenye mia mbili.

"Si kweli," mzee alisema.

"Baba, upo kwenye mia mbili. Umeme wa kule ulikuwa mdogo ukaufunga huku chini, ukafaa. Huku umeme umejaa. Hizi kapasita sita zote pamoja zinavumilia elfu mbili na mia saba, na sisi tunazipa karibu elfu tatu. Lazima zipasuke."

"Beatha, mimi nimelitengeneza sanduku hili. Ningekuwa nimeuhamisha ningekumbuka."

Macho yake hayangeweza kusoma zile namba. Kwa hiyo Beatha alikishika kidole cha mzee, akakipeleka taratibu mpaka kwenye skrubu ya kwanza. Mzee aliipapasa, akaufuata waya, akarudi. Kidole kikasimama.

"Hapa kuna kitu."

"Uzi," Beatha alisema akiinama. "Uzi mwekundu wa cherehani. Umefungwa fundo."

Mzee Fidelis alikaa chini kwenye kigoda, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesikiliza mtu anaita kutoka mbali.

"Mwaka ule mashine ya pili ya kusaga ilipokuja kijijini," alisema. "Jiko likaishiwa nguvu. Kasimiri akaniambia ananisikia kama nimeingia ndani ya chungu. Nikafungua nyuma, mama yako akanishikia tochi. Nikamwambia mkono mfukoni, naye hakuwa na mfuko, akauficha ndani ya kitenge. Nilipomaliza akaleta uzi akafunga hapo. Akasema, Fidelis, tutasahau. Nikamwambia mimi huwa sisahau."

Akacheka bila sauti, na machozi yakamshuka mpaka kwenye ndevu, wala hakuyafuta. Beatha alimshika bega. Alimpenda baba yake muda ule kuliko alivyowahi kumpenda, pamoja na ubishi wake wote.

"Uhamishe waya," mzee alisema. "Uzi usiukate."

Akauhamisha waya hadi mia mbili arobaini, na uzi akauacha kwenye skrubu yake. Kapasita alibadilisha zote sita kwa nyingine za ile mashine iliyokufa, kwa kuwa zilizobaki zilikuwa zimeteswa vya kutosha. Ilipofika Jumamosi saa tisa walikuwa tayari. Mzee alitaka kuwasha mwenyewe. Basi wakasimama bega kwa bega mbele ya meza, yeye mkono wa kulia kwenye swichi na wa kushoto mfukoni, binti mkono wa kulia kwenye kipimo na wa kushoto mfukoni.

Kwanza kwa taa, nayo ikawaka ikafifia. Kisha bila taa. Ikapita Salamu Maria ya kwanza, ya pili, ya kumi. Sindano ya mita usoni mwa sanduku ilipanda na kutulia.

"Sindano iko wapi?"

"Elfu mbili na mia nne, Baba. Haitikisiki."

Valvu zikaanza kuiva kwa mwanga wa moto. Mzee aliweka kiganja juu ya bati na kukiacha hapo mpaka joto lilipopanda, na Beatha akatazama pembeni ili asimwaibishe.

Saa kumi na moja Jiko lilikuwa limesharudishwa chumbani. Beatha alisimama nje ya mlango na trei ya chai, akashindwa kuingia. Mzee aliita mara tatu, akaachia kitufe, akasikiliza. Mvumo tu. Akaita tena. Katikati ya mvumo ikatoka sauti nyembamba ya kizee, ikipanda na kushuka, ikisalimia kwa Kibena.

"Kamwene, Fidelis."

"Kamwene, Kasimiri. Unanipataje?"

"Nakupata vizuri, vizuri kuliko mwezi uliopita. Nilishaongea na padre. Ungekosa na leo, kesho jina lako lingesomwa misani."

Wakacheka wote wawili, na bahari ikaingia katikati ya kicheko ikakiyumbisha. Wakaulizana hewa, antena, miguu na mgongo. Kisha Kasimiri akauliza lile linaloulizwa kila mara hewani, hata kwa mtu unayemfahamu tangu utotoni, kwa kuwa ndio utaratibu. "Kituo chako kipo wapi leo?"

Miaka ishirini na sita jibu lilikuwa Njombe. Beatha aliishika trei kwa nguvu mpaka vikombe vikagongana.

"Kipo Makambako," mzee alisema.

"Mawimbi yamekula. Rudia. Upo safarini?"

Kitufe kikabonyezwa, na mzee akasema polepole na kwa sauti kubwa, neno moja moja, kama mtu anayemwandikisha mwenzake.

"Hapana. Kituo kipo Makambako, kwa Beatha. Nimehamia."

Beatha aliweka trei chini. Aliingia kwa kunyata, akalichukua begi pale karibu na mlango, akapita nyuma ya mgongo wa baba yake mpaka kabatini. Akalifungua zipu mpaka mwisho, akaanza kutundika mashati.